Mkono wa pili: Piano Phase, litungu na kipakatalishi changu

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi ya tumbo (mfumo wa stoo wa duka moja la mbegu na mbolea hapa Kitale umenitoa jasho kwelikweli), na pia kwa sababu ya jambo jingine ambalo nililiahirisha nikingoja nilielewe vizuri. Sijalielewa vizuri. Naliandika hivyo hivyo. Ni habari ya kipande cha piano cha mwaka 1967, litungu la mjomba wangu kule Chwele, Bungoma, na mkono mmoja uliokataa kuamka. Mliozoea kusoma habari za hifadhidata hapa, vumilieni kidogo, hesabu zinakuja.

Kipande chenyewe kinaitwa Piano Phase. Mtunzi ni Mmarekani, Steve Reich, na kiliandikwa kwa piano mbili. Ukikisikia mara ya kwanza utadhani sidii imekwama. Wapiga piano wawili wanaanza na mzunguko mmoja wa noti 12, wote pamoja, kwa kasi. Baada ya muda mmoja anabaki palepale kama mlinzi wa lango, na mwenzake anaongeza mwendo kidogo, kidogo sana, mpaka anamtangulia kwa noti moja kamili. Hapo wanatulia. Kisha anaongeza tena: noti mbili, tatu, mpaka hatua ya 12 ambapo wanakutana tena walipoanzia. Halafu mzunguko unafupishwa kuwa wa noti 8, mwishoni 4. Ni kama dakika 20 za namna hiyo. Muziki wa aina hii huitwa minimalisimu: vitu vichache, virudiwe mpaka sikio lianze kuona vilivyofichika.

Asili yake ndiyo iliyonivutia mimi kama mtu wa programu, maana ilianza na kitu ambacho sisi tungekiita dosari. Mwaka 1964 Reich alimrekodi mhubiri wa barabarani huko San Francisco. Mwaka uliofuata akakata vipande viwili vya mkanda vyenye maneno yale yale, akaviunga kila kimoja kiwe pete, akaviweka kwenye vinasa sauti viwili vya bei nafuu akitaka viende sambamba. Havikwenda. Mashine moja ilikuwa na mwendo tofauti na nyenzake kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na pete mbili zikaanza kuachana polepole. Yeyote aliyewahi kuandika programu yenye michakato miwili inayotakiwa kwenda pamoja anaijua hali hiyo. Sisi tunakesha tukiitafuta ili tuiue. Reich aliketi akaisikiliza, akaiacha iendelee, na kazi hiyo ikawa It's Gonna Rain ya mwaka 1965.

Mwishoni mwa 1966 akajiuliza kama binadamu anaweza kufanya kilichofanywa na mashine mbovu. Akajirekodi akipiga mzunguko mfupi wa piano, akautengeneza pete, akaketi kwenye piano na kujaribu kuachana na sauti yake mwenyewe. Akaweza. Kisha akamtafuta mwenzake, Arthur Murphy, wakagundua kwamba hata mkanda hauhitajiki, watu wawili wanatosha. Kwa hiyo piano hizi mbili tangu mwanzo ni nakala ya umeme. Watu wanaosema kwamba kukipiga kipande hiki kwa tarakilishi ni kukiharibu nawaombea tu waisome historia hii.

Na wengi wamekibadilisha. Wapiga marimba walikichukua wakakifanya chao. Mwaka 1999 albamu ya Reich Remixed ilikiingiza kwenye dansi za kielektroniki. Mpiga ngoma David Cossin alikipiga kwa vibao vya ngoma za umeme akishindana na video yake mwenyewe. Alexander Chen akakiweka kwenye kivinjari, mistari inazunguka na noti zinalia zikiguswa, ukurasa ambao nimeufungua mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Mwaka 2016 Mahan Esfahani alikipiga mjini Cologne kwa hapsikodi, mwenzake akiwa sauti iliyorekodiwa, na sehemu ya watazamaji wakapiga kelele na makofi ya kukejeli mpaka akasimama katikati. Hebu fikiri, miaka 49 baadaye, na bado watu wanakasirishwa na noti 12.

Sasa tuzitazame hizo noti. Ni 12 lakini sauti tofauti ni tano tu. Tuzipe namba kuanzia ya chini hadi ya juu, 1 mpaka 5. Mzunguko mzima unakuwa hivi:

1 2 3 4 5 2 1 4 3 2 5 4

Chukua kalamu utenganishe namba za nafasi witiri na za nafasi shufwa. Witiri: 1 3 5 1 3 5. Shufwa: 2 4 2 4 2 4. Mkono wa kushoto una sauti tatu unazizungusha, wa kulia una mbili, na wanapishana, huyu akigusa yule ameinua. Kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 2 ni 6, jozi sita ndizo noti 12. Basi. Siku nilipoliona hili nilikuwa ndani ya matatu kati ya Kiminini na Kamukuywa, nikacheka peke yangu, mama aliyeketi kando yangu akahamisha kikapu chake.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshaiona hesabu hiyo mahali pengine, na mahali hapo ni jirani. Pale Buganda kuna amadinda, marimba ya mbao 12 zilizolazwa juu ya migomba. Wapigaji wawili wanaketi wakitazamana. Mmoja anapiga mzunguko wake, wa pili anaingiza mzunguko mwingine katika nafasi zilizobaki wazi, kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuamini kwamba ni mikono. Mfumo wa sauti ni wa tano. Kisha yupo wa tatu, na huyu ndiye ninayempenda zaidi: anasikiliza sauti mbili za chini kabisa popote zinapotokea katika mchanganyiko wa wenzake, naye anazirudia juu kwenye mbao zake mbili. Wimbo anaoupiga huyu wa tatu haukupigwa na mtu yeyote kati ya wale wawili. Umezaliwa katikati yao.

Mtafiti kutoka Austria, Gerhard Kubik, alifika Uganda mwaka 1959 akajifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda huko Kampala. Mwaka 1962 akachapisha makala kuhusu jambo hilo: noti zikipishana kwa kasi na zikirukaruka juu na chini, sikio hukusanya za juu na za juu, za chini na za chini, likasikia nyimbo ambazo hakuna mkono uliozipiga. Wanaosikiliza Piano Phase husimulia jambo lile lile, na Reich mwenyewe, katika Violin Phase ya mwaka huo huo wa 1967, alimwachia mpiga fidla achague nyimbo za namna hiyo na kuzipiga waziwazi. Yule wa tatu wa amadinda, sawasawa.

Kuna tarehe ambazo zinanisumbua. Mei 1966 jeshi la serikali lilishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo. Mutesa II alikimbilia uhamishoni, na mwaka 1967 katiba mpya ikafuta falme. Wanamuziki wa ikulu, waliorithishana kazi hiyo kizazi hadi kizazi, wakatawanyika. Yaani mwaka ule ule ambao watu wa New York walikuwa wakisikia kwa mara ya kwanza mizunguko inayopishana kwenye piano, mizunguko iliyopishana kwa karne nyingi hapa karibu ilikuwa imenyamazishwa kwa bunduki. Sisemi Reich aliiba. Kitabu alichokisoma kuhusu muziki wa Afrika kilikuwa cha A. M. Jones, cha mwaka 1959, chenye mengi ya Waewe, na Ghana alikwenda mwaka 1970, baada ya Piano Phase, akakaa wiki chache akijifunza ngoma kwa Gideon Alorwoyie mpaka malaria ikamrudisha nyumbani. Tena jambo lake kubwa, la kuachana polepole, halimo katika amadinda. Mpiga amadinda akiachana na mwenzake ameharibu. Lakini nikisoma mahali kwamba mbinu hizi zilibuniwa Marekani miaka ya 1960, huwa nafunga ukurasa.

Wahungaria hawakusahau, kwa kweli. Mwaka 1984 wapiga ngoma wa Budapest waliunda kikundi wakakiita Amadinda, na mwaka 2009 kikundi hicho hicho kilikuwa cha kwanza kuipiga Mallet Quartet ya Reich. Jina la mbao za Buganda likazunguka Danube likarudi kwa Reich.

Haya, turudi Bungoma. Litungu la Wabukusu mnalijua: kinubi cha nyuzi saba, ngozi juu ya mwili wa mbao, mikono miwili ya kushikilia mti wa juu, na mpigaji anadona nyuzi kwa vidole vya mikono yote. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Mjomba wangu, khocha kama tunavyoita upande wa mama, alilipiga tangu ujana. Harusi, mazishi, msimu wa tohara mwezi Agosti wa miaka shufwa wakati chinyimba zinalia kila kijiji. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kikamshika. Alipona, anatembea, anacheka, anakamua ng'ombe kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia haukurudi. Litungu likapanda ukutani, na mwaka jana nilipokwenda kumsalimu niliona buibui amelijengea.

Wazo langu, nilipokuwa ndani ya ile matatu, lilikuwa jepesi mno. Nyuzi saba zinatosha kubeba sauti tano. Mkono wa kushoto anao, na mkono wa kushoto una 1 3 5. Mashine ichukue 2 na 4.

Nilifika Chwele na kipakatalishi, kinanda kidogo cha kuazima kanisani, spika moja, na kipande cha piezo, kile kisahani cha shaba kinachotolewa kwenye king'ora kibovu, ambacho ukikibandika juu ya ngozi ya litungu kinageuka kuwa maikrofoni. Programu niliyotumia ni Pure Data, programu huria aliyoianzisha Miller Puckette miaka ya 1990. Unaunganisha visanduku kwa mistari, sauti inatoka. Baada ya mulembe na chai, nikamweleza khocha. Alisikiliza kwa adabu ambayo mtu humpa mtoto anayesimulia ndoto.

Kosa la kwanza lilikuwa la kurekebisha nyuzi. Nilitoa simu yenye kipima sauti nikamwomba tukaze nyuzi zilingane na piano. Akaniuliza, "Na nyimbo za hili litungu zitaenda wapi, mpwa wangu?" Nikarudisha simu mfukoni. Sauti zake hazilingani na vibao vya piano na hazina sababu ya kulingana. Tulichukua nyuzi tano kama alivyozikaza yeye, nikazidona moja moja kuzirekodi, na 2 na 4 za mashine zikawa sauti za litungu lake mwenyewe. Kinanda cha kanisani nikakipinda kuzifuata badala yake.

Kosa la pili lilikuwa la mwendo. Piano Phase hupigwa kwa kasi ya noti kama 432 kwa dakika, yaani noti moja kila milisekunde 139. Hebu fikirini maana yake kwa tarakilishi: kama sauti yako inachelewa milisekunde 139 kutoka kwenye programu mpaka kwenye spika, na kipakatalishi kizembe kinafanya hivyo bila aibu, tayari umeshaachana na mwenzako kwa noti nzima kabla hujaanza kipande. Tulipunguza mwendo hadi khocha akawa anadona kila milisekunde 400 hivi, na mashine iingie katikati. Niliiwekea saa thabiti. Alijaribu mara nne. Mara ya nne akalaza mkono juu ya nyuzi akasema mkono huu wa mashine haupumui, ni kama kucheza na msumari.

Hapo nikamkumbuka Reich tena. Mwaka 1969 yeye na wahandisi walitengeneza chombo cha kielektroniki cha kupanga na kuhamisha mapigo kwa usahihi kamili. Alikitumia hadharani kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, kisha akakitupa, kwa kuwa muziki ulitoka mkavu. Mtu aliyeanza na dosari ya mashine alishindwa na ukamilifu wa mashine. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo na bado nikaja Chwele na msumari.

Usiku nikaongeza bahati nasibu: kila noti ichelewe au iwahi kidogo, bila mpango. Asubuhi khocha alisikiliza akacheka mpaka akakohoa. "Sasa amelewa." Alisema kweli. Makosa ya binadamu yana kumbukumbu; ukichelewa noti hii, inayofuata inajua. Makosa ya bahati nasibu kila moja ni yatima. Kwa hiyo nikaitupa saa kabisa. Piezo inasikiliza mkono wa kushoto, programu inapima nafasi kati ya madono manne yaliyopita, inakisia la tano litaangukia wapi, na inaweka noti yake katikati ya kisio hilo. Akiharakisha inaharakisha. Akisita, inasita baada yake kidogo, kama mtu. Mistari ya mantiki haizidi thelathini, na ilinichukua siku mbili, nyingi zikiwa za kusubiri stima.

Siku ya tatu mchana ilishika. Mzunguko mzima, 1 2 3 4 5 2 1 4 3 2 5 4, ukatoka ndani ya litungu moja na spika moja, na watoto wa jirani wakasimama mlangoni wakitafuta mkono wa pili ulipo. Baada ya dakika kadhaa nikafungulia kinanda kianze kuachana, taratibu. Sehemu hii sikuitegemea. Nilidhani anayebaki palepale ndiye mwenye kazi rahisi. Khocha hakuweza kubaki. Kila kinanda kilipomtangulia, mkono wake ulivutwa nacho bila yeye kujua, na mashine, kwa kuwa inamfuata, nayo ikavutwa. Wote watatu tukakimbia kama ng'ombe waliosikia simba. Tulianguka mara tano. Mara ya sita hakutazama kinanda wala mimi. Alifumba macho, akadona, na kinanda kilipotulia kwenye hatua ya nne akaanza kuimba. Sauti ya chini, bila maneno. Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu Kubik wala yule wa tatu wa amadinda. Alikuwa akiimba wimbo ambao hatukuuandika popote, uliokaa katikati ya mkono wake, mkono wa mashine, na kinanda cha kanisa.

Rekodi ninayo ya dakika 11, ya simu, kwa sababu stima ilipotea na kipakatalishi kikazima kabla sijahifadhi. Katika dakika ya 9 kuna jogoo. Nikipata maandishi ya kibali chake nitaiweka hapa.

Jioni hiyo, tukila ugali na kuku, akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya nikae kimya wiki zote hizi. Alisema wimbo wa Mmarekani ni mzuri, amefurahi, lakini je, mashine inaweza kumpigia mkono wa kulia wa nyimbo zake mwenyewe? Nikamwambia inaweza mara moja, nipe tu rekodi ya zamani nisikie mkono wa kulia ulikuwa unafanya nini. Akanitazama. Hakuna rekodi. Amepiga zaidi ya miaka 40, arusi ngapi, matanga mangapi, watu wenye simu wamemzunguka, na mimi mwenyewe nina diski mbili za nakala ya stoo ya mbolea. Mkono uliojua umelala, na yeye kichwani haujui kwa namna ya kueleza. Anasema vidole ndivyo vilivyokuwa vinajua.

Kwa sasa tunafanya hivi. Kila Jumamosi ya pili natoka Kitale asubuhi. Anapiga mkono wa kushoto, anauimba wa kulia kwa silabi, mimi naandika namba. Tunampa mashine, inapiga, anatikisa kichwa, tunarekebisha. Wimbo wa kwanza ulichukua Jumamosi nne. Juzi tulianza wa pili, tumefika noti ya 7, na ya 8 tumebishana ni uzi wa 4 au wa 6. Shangazi anasema ni wa 6. Khocha ameomba apewe wiki mbili akumbuke.